Gesi Ileile, Qatar Tajiri, Iran Gizani: Kwa Nini?

JUMA: Karibuni tena jamani, mimi Juma, niko na dada yangu Mwanaidi kama kawaida. Leo tunaenda Iran, na najua wengi mkisikia Iran akili inakimbilia makombora na nyuklia, ila Mwanaidi kanishikilia kwamba tuanzie chini ya bahari.

MWANAIDI: Ndio kaka, maana huko ndo mambo yote yamelala. Katikati ya Ghuba ya Uajemi kuna hifadhi ya gesi kubwa kuliko zote duniani, kama kilometa za mraba 9,700 hivi, na mpaka wa bahari wa Iran na Qatar unapita juu yake. Upande wa Qatar una karibu 6,000 na wanauita North Field, upande wa Iran una 3,700 unaitwa South Pars. Lakini kule chini kwenye miamba hakuna mpaka, gesi ni moja.

JUMA: Na gesi haikai sehemu moja.

MWANAIDI: Haikai! Inakimbilia kwenye presha ndogo, kwa hiyo anayechimba kwa kasi ndo anavuta zaidi. Sasa sikia, Qatar kaanza kusafirisha LNG mwishoni mwa 1996, akaendelea kujenga mitambo mpaka akafika uwezo wa tani milioni 77 kwa mwaka. Iran hajawahi kuuza nje hata meli moja ya LNG. Hata moja kaka. Na huyu ndo nchi ya pili duniani kwa akiba ya gesi baada ya Urusi, watu wake ni kama milioni 90, vyuo vyake vinatoa mainjinia ambao dunia nzima inawagombania.

JUMA: Kwa wasioijua LNG, ni gesi inapoozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, inageuka kimiminika, ujazo unashuka kama mara 600, ndo unaweza kuipakia kwenye meli ukapeleka Japani au Ulaya. Ukiikosa hiyo mitambo unabaki na bomba, na bomba linakufunga kwa jirani, ndo maana Iran wateja wake wakubwa wa gesi ni Uturuki na Iraq basi, lile bomba la kwenda Pakistan upande wa Iran lilishajengwa zamani, upande wa pili limekwama miaka nenda rudi kwa sababu Pakistan anaogopa vikwazo vya Marekani.

MWANAIDI: Na teknolojia ya hiyo mitambo ipo kwa kampuni chache mno, karibu zote za Marekani na Ulaya. Hapo ndo Iran amebanwa.

JUMA: Mi ntasema wazi, sehemu hii huwa inaniuma. Waingereza wamepata mafuta Masjed Soleyman mwaka 1908, wakajenga kiwanda cha kusafishia Abadan ambacho baadae kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani, na Wairani wenyewe wanapata makombo. 1951 Mossadegh, waziri mkuu wao, anataifisha mafuta, bunge limepitisha, wananchi wanashangilia, Agosti 1953 anapinduliwa kwa mpango wa CIA, majasusi wa Marekani, na Waingereza. Na hii sio porojo za vijiweni, CIA wenyewe walikuja kukiri kwenye nyaraka zao mwaka 2013. Sasa unataka Muirani amwamini vipi mtu huyo?

MWANAIDI: Nakubali kabisa. Lakini Mmarekani naye anaanza kuhesabu 1979, watu wa ubalozi wake Tehran wameshikwa mateka siku 444. Na mi nafikiri tukibaki kuhesabu nani alianza hatutatoka leo. Angalia kilichotokea kwenye biashara, maana hapo kila mtu amefanya maamuzi akiwa macho. Mwaka 1995 Rais Rafsanjani anaipa Conoco, kampuni ya Marekani, mkataba wa mafuta, yaani makusudi kabisa anafungua mlango. Rais Clinton wa Marekani akaufunga. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuadhibu hata kampuni za nje zitakazowekeza kwenye mafuta na gesi ya Iran.

JUMA: Total ya Ufaransa ndo ikaingia.

MWANAIDI: Ikaingia, ikachukua ule mkataba wa Conoco, alafu 1997 ikasaini awamu ya 2 na ya 3 za South Pars pamoja na Gazprom ya Urusi na Petronas ya Malaysia. Nikisema awamu, ile hifadhi Iran wameigawa vipande 24 wanaviendeleza kimoja kimoja, gesi inapelekwa nchi kavu pale Asaluyeh. Sasa naomba msikilizaji ashike awamu ya 11, hiyo ipo mpakani kabisa na Qatar, na ndo ilipangwa kuwa ya LNG.

JUMA: Hapo tunafika 2015, makubaliano ya nyuklia Vienna, kati ya Iran na mataifa makubwa.

MWANAIDI: Iran amekubali kurutubisha urani mwisho asilimia 3.67, akiba isizidi kilo 300, wakaguzi waingie, na waliingia, na ripoti zao zikasema anatimiza. Vikwazo vikalegezwa, watu Tehran walicheza barabarani usiku ule. Iran Air wakaagiza Airbus 100, na hii kwao sio anasa, ndege zao ni chakavu na zimeua watu wengi. Julai 2017 Total wanarudi, wanasaini awamu ya 11 pamoja na CNPC ya China na Petropars ya Iran, uwekezaji wa dola bilioni 4.8. Mei 2018 Trump anaitoa Marekani kwenye makubaliano, vikwazo vinarudi. Airbus 100 zile, zilizofika ni 3. Total Agosti amefungasha.

JUMA: Na Mchina? Maana watu wanatuandikia sana, "Iran si anaye China".

MWANAIDI: CNPC alichukua hisa za Total, alafu 2019 naye kaondoka kimya kimya. China ananunua mafuta ya Iran, tena kwa punguzo, kupitia visafishaji vidogo vidogo visivyo na cha kupoteza Marekani, lakini kampuni zake kubwa zenye biashara Marekani haziwezi kujitoa mhanga kwa ajili ya South Pars. Wairani wakabaki peke yao, mpaka awamu ya 11 inaanza kutoa gesi ilikuwa 2023. Na sasa sikia hii inayoniuma mimi zaidi: 2022 Qatar anapanua North Field, mshirika wa kwanza aliyemchagua ni nani? TotalEnergies, ndo jina jipya la Total.

JUMA: Walewale.

MWANAIDI: Walewale, gesi ileile, wamevuka mpaka tu.

JUMA: Sasa dada hapo si unanisaidia mimi, kosa ni la Marekani.

MWANAIDI: Hapana, ngoja kaka yangu, siwezi kuwaacha wakubwa wa Tehran hivihivi. Kampuni za nje zilipoondoka mikataba mingi imeenda kwa Khatam al-Anbiya, kampuni ya ujenzi ya Walinzi wa Mapinduzi, jeshi ndo mkandarasi, nani atamkagua? Nishati ya ndani wameiweka bei ya chini mno kiasi kwamba gesi karibu yote inaliwa nyumbani. Na miaka yote hiyo pesa na silaha zinaenda Lebanon kwa kundi la Hezbollah, Syria kwa Rais Assad. Nasrallah, kiongozi wa Hezbollah, kauawa Septemba 2024, Assad kakimbia Desemba mwaka huohuo, na mwezi uleule wa Desemba, Tehran na mikoa mingi shule na ofisi zinafungwa kwa sababu gesi haitoshi. Nchi ya pili kwa gesi duniani! Mama wa pale Tabriz anapasha nyumba kwa nini? Na watu wakitoka kulalamika, kama 2022 baada ya kifo cha Mahsa Amini, binti aliyefia mikononi mwa polisi wa maadili, wanapigwa risasi.

JUMA: Hapo sina la kupinga. Ila nguvu anayo, tusidanganyane. Mlango wa Hormuz, ile njia nyembamba ya bahari ya kutokea Ghuba, mwaka 2024 yalipita karibu mapipa milioni 20 ya mafuta kwa siku, kama moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani, na karibu LNG yote ya Qatar ilipita hapohapo mbele ya makombora ya Iran. Pale pakitikisika, bei ya dizeli Mombasa na Dar inapanda, maana na sisi tunaletewa kutoka huko Ghuba.

MWANAIDI: Anayo, lakini ni nguvu ya kuzuia, haimlishi mtu. Mafuta yake mwenyewe, yale yanayopakiwa kisiwa cha Kharg, yanapita mlango uleule. Na Juni 2025 Israel kapiga mpaka mitambo ya awamu ya 14 pale Asaluyeh, siku chache baadae Marekani kapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan, Septemba vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikarudi. Wakati wa makubaliano ya Vienna dola moja ilikuwa rial, pesa ya Iran, elfu thelathini na kitu, kufika mwisho wa 2025 imevuka milioni moja. Mwalimu aliyeweka akiba yake benki kaishiwa bila kutumia.

JUMA: Tuseme kesho wanaelewana, vikwazo vinaondoka, gesi ya South Pars itamtoa?

MWANAIDI: Sio haraka. Tatizo sasa ni presha, visima vimechimbwa miaka zaidi ya 20 na inashuka, wanahitaji majukwaa makubwa ya kompresa baharini, yaani mashine za kuisukuma gesi, vyuma vya maelfu ya tani, ambavyo wanaovijua ni wachache na Total ndo walipanga kuwa wa kwanza kuleta jukwaa kama hilo pale awamu ya 11. Kulijenga tu ni miaka. Na we unajua mambo haya yanavyochelewa hata bila vikwazo, sisi Tanzania tuna gesi futi za ujazo trilioni 57, nyingi iko baharini, na majadiliano ya mtambo wa LNG wa Lindi yamepita miaka kumi. Kwa hiyo hata wakisaini kesho, Qatar ataendelea kuvuta kwanza, na kila msimu wa baridi unaopita kabla kompresa hazijafika, upande wa Iran unabaki na gesi kidogo zaidi.