Moto Kwanza, Majivu Baadaye

Ndugu mafundi, walionisikia Ifakara wanajua nitaanzia wapi: majivu hayalingani! Kila nikitaja majivu ya pumba za mpunga kushika nafasi ya sehemu ya saruji kwenye zege, kuna mtu anabeba karai mbio kuyachota kwenye tanuri la matofali.

Niliitwa kutazama kibaraza kilichomwagwa miezi miwili nyuma. Nikapitisha kidole, kidole kikatoka na unga. Fundi hakuwa mzembe. Alipima, alichekecha, akapunguza saruji vilevile kama alivyosikia. Lakini majivu aliyachota katikati ya tanuri, meupe kabisa, akayapenda kwa weupe wake. Akaniuliza, "Mzee, si silika ileile?" Ni ileile, mwanangu. Majivu ya pumba huwa na silika, madini tunayoyatafuta, kama asilimia 85 hadi 95. Ila moto ukipita nyuzi 700 za Selsiasi ukakaa, silika inageuka fuwele, inakuwa kama mchanga, imelala. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa; silika iliyo macho huila chokaa hiyo na kuzaa gundi inayoshika kokoto. Iliyolala haili kitu. Moto ukiwa hafifu nao unaacha weusi wa mkaa, unakunywa maji yote, zege linakuwa gumu kabla hujalisambaza.

Kile kibaraza tulikivunja. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale anatazama, na mimi sijasahau.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba huku ni kuchakachua. Soma mfuko! Ukiandikwa CEM IV, yaani saruji ya mchanganyiko, kiwanda chenyewe kimeshatia pozolana, unga unaokula chokaa kama majivu yetu, mara nyingi jiwe la volkano lililosagwa. Hiyo si aibu, ni kazi halali. Na hapo sikilizeni vizuri: mfuko huo usiuongezee majivu tena. Tafuta CEM I, saruji isiyotiwa pozolana, ndiyo yenye nafasi.

Naoneshwa saa, basi haraka haraka. Majivu yasagwe yawe laini kama saruji. Pima kwa mizani, usipime kwa ndoo, maana ni mepesi. Kwenye kilo 50 toa kilo 5 za saruji, weka 5 za majivu. Mwagilia wiki mbili. Vipande vya majaribio vivunjwe siku ya 28, kabla hujamwaga nguzo ya mtu.

Pale mlangoni kuna magunia mawili ya majivu, la kijivu lililochomwa vizuri na lile jeupe la tanuri. Kila mmoja atie mkono kabla hajaondoka.