"Bado Anakula": Mbwa Mzee na Siku Tunayoiahirisha

Mhadhara wa daktari wa mifugo mstaafu kwa wafuga mbwa na vijana wa mifugo, Mwanga, Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimeambiwa nizungumze nusu saa, na kwamba spika hii ikianza kupiga mluzi nisogee kushoto. Nitasogea.

Naanza na aibu yangu mwenyewe, ili nikija kuwasema nyinyi msinune. Nilikuwa na mbwa, jina lake Tomi. Wa kienyeji, rangi ya vumbi, sikio moja limesimama, jingine limelala. Nilimwokota mwaloni Kibirizi, yuko ndani ya kreti tupu la dagaa, analamba magamba. Akakaa kwangu miaka 14. Mnaujua mji wetu, mbwa wengi hawafiki huko. Kuna magari, kuna sumu, kuna kichaa cha mbwa, kuna mawe ya watoto. Tomi alifika. Na kwa kuwa alifika, nikakutana na jambo ambalo chuoni nilifundishwa kwa kurasa mbili na sindano moja: kuamua siku ya kumpumzisha mbwa mzee kwa dawa, asiendelee kuteseka.

Miezi yake ya mwisho miguu ya nyuma iligoma. Kila alfajiri nampitishia kanga chini ya tumbo, namwinua kama mtu anayebeba begi, tunakwenda taratibu hadi kwenye mwembe, anakojoa, tunarudi. Mama watoto akiniuliza, "Baba, huyu mpaka lini?" namjibu, "Bado anakula." Jirani akiniuliza, bado anakula. Miaka 27 kazini, na jibu langu ni lile lile ambalo wateja wakinipa nilikuwa nakunja uso.

Jumapili moja nikamgeuza nimwoshe. Kwenye nyonga, upande anaolalia, manyoya yalikuwa yamegandamana. Nikayatenga kwa vidole. Chini yake kidonda, ukubwa wa kisoda, na ndani ya kidonda panatembea. Funza. Nikachukua koleo ndogo, nikaanza kuwatoa mmoja mmoja kwenye kikombe cha maji ya chumvi, na yeye muda wote ananilamba mkono. Vijana wa mifugo mnajua hesabu yake: nzi alitaga jana au juzi. Jana na juzi mimi nilikuwepo nyumbani, na jana na juzi alikula.

Kwa hiyo neno la leo ni hilo, mengine ni maelezo yake. Kula siyo kipimo. Mbwa atakula akiwa na maumivu, atatikisa mkia akiwa na maumivu, maana mkia anautikisa kwa ajili yako. Tunaposema "bado anakula" tunajiombea muda sisi, na muda huo analipa yeye.

Yupo daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, anayetibu wanyama wenye saratani. Mwaka 2004 alitoa kipimo cha mambo saba: maumivu na pumzi, kula, kunywa maji, usafi wa mwili, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo unalipa alama 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, mbwa bado ana maisha ya kuendelea nayo. Ona kwamba kula ni moja tu kati ya saba. Ni kipimo kizuri, lakini najua nyinyi hamtakaa na karatasi. Basi chukueni kalenda ya ukutani, ile mliyopewa na duka la pembejeo. Andika pembeni vitu vitatu ambavyo mbwa wako alivipenda kuliko vyote. Wa kwangu alipenda kubwekea bodaboda, kulala kizingitini mlango ukiwa wazi, na kunisindikiza hadi barabarani. Kila jioni weka vema au kosa. Makosa yakianza kuzidi vema wiki nzima, niite. Usingoje ya pili.

Watu wa Kigoma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hapo Gombe, mwaka 1966, polio iliingia kwa sokwe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika pale mwaka 1960, na wenzake waliwapa sokwe chanjo ndani ya ndizi. Lakini dume mmoja mzee, waliyemwita McGregor, alikuwa ameshapooza miguu yote miwili. Alijikokota kwa mikono, nzi wanamfuata. Sokwe wengine walimwogopa. Mmoja tu, Humphrey, ndiye aliyekuwa akibaki karibu naye. Wale watafiti walikuja kutazama wanyama, na bado walimlisha yule mzee kwa siku kadhaa wakitumaini. Hata mkono nao ulipoteguka, wakakubaliana kumpiga risasi. Mimi kila nikikumbuka habari ile sifikirii bunduki. Nafikiria zile siku kadhaa, kila mtu kambini anajua na hakuna anayetaka awe wa kwanza kutamka.

Kuna wanaoniambia, "Daktari, roho siyo yako, unajifanya Mungu." Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Ujiji. Kabatini kwangu kuna nguo za kushikia mbwa na nguo za swala, na ole wangu nizichanganye. (Kicheko.) Mambo ya fatwa nawaachia mashehe, sitawaingilia. Ninachoweza kusema ni kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na msingi wake ni mnyama asiteswe bila sababu. Kumpa mbwa mzee sumu ya panya ni mateso. Kumtia kwenye gunia na kwenda kumpoteza porini, mbwa asiyeweza hata kusimama, ni mateso, hata kama hukumwaga damu na ukalala usingizi vizuri.

Siku yenyewe ya kumpumzisha. Hapa nawaeleza wazi, kwa sababu hofu kubwa ya watu ni kutokujua. Kwanza anapewa dawa ya kutuliza, anasinzia. Ya pili ni dawa ya usingizi mzito, kwa kiasi kikubwa mno, kwenye mshipa wa mguu wa mbele. Fahamu inapotea kwanza, halafu pumzi, halafu moyo. Ni dakika chache. Macho hayafumbi, usingoje yafumbe. Anaweza kushtuka misuli au kuvuta pumzi moja kubwa baada ya kuwa ameshakufa, na mkojo hutoka. Ukiambiwa mapema hushtuki. Ukae upande wa kichwa, useme naye. Kaburi lichimbwe kwenda chini, mita moja na kuzidi, maana ile dawa inabaki kwenye nyama, na mbwa mwingine au kunguru akiila atadhurika.

Mimi kwa Tomi sikuweza kuchoma sindano. Mikono hii imechoma sindano maelfu ya ng'ombe. Nikamwita kijana mmoja niliyemfundisha kazi, akaja jioni jua limepungua. Nilikuwa nimempa Tomi mgebuka wa kuchoma, mnono, nimetoa miba. Najua, najua, vijana mnatabasamu pale nyuma, dawa ile ya kwanza inatapisha. Alitapika kidogo, nikamfuta. Kijana akanyoa manyoya, akatafuta mshipa mara mbili, mshipa wa mzee ni mwembamba kama uzi. Akasikiliza moyo. Kisha akavua vifaa vya masikioni, akanipa nisikilize mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo shida yetu ya huku. Akifa mtu, majirani wanajaa, turubai linafungwa, unga unachangwa. Akifa mbwa unaambiwa, "Unalia mbwa? Chukua mwingine." Kesho yake asubuhi nikamwona mzee jirani yangu anaingia getini. Miaka yote 14 alikuwa hapiti pale bila kukunja kanzu, asiguswe. Akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, akasema, "Pole kwa mlinzi wako." Akanikumbusha yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mola akamsamehe. Akanikumbusha mbwa wa Watu wa Pangoni, wale wa kwenye Qurani. Tukanywa kahawa, akaondoka. Sijui kama alijua kwamba ile ndiyo ilikuwa matanga yangu.

Watoto? Waambieni amekufa. Mimi nilimwambia mjukuu wangu wa miaka mitano kwamba Tomi amelala. Siku tatu mtoto akagoma kwenda kitandani.

Nilisema nusu saa, nimezidi. Naona mkono pale. Ndiyo, binti, simama.

(Swali: Daktari, kama ungepewa nafasi ya kurudi nyuma, ungechagua siku gani?)

Jumatano, kama wiki mbili kabla ya ile Jumapili ya funza. Naikumbuka vizuri. Bodaboda alipita nje anapiga honi. Tomi akainua kichwa, akatazama geti, hakubweka. Akakirudisha chini. Mimi nilikuwa hapo hapo kwenye kiti, kikombe cha chai mkononi, nikamwona kabisa. Nikajisemea, labda huyu bodaboda ameshamzoea.