Mpira Haukati Kona? Shika Msasa Kabla Hujashika Pochi

Haya jamani tukae, wa nyuma sogeeni huku maana maiki hamna. Najua kuna mtu ameshakuja na swali lake kwamba kocha, ninunue mpira gani wa bowling kwa leni zenye mafuta mengi (ile njia ndefu ya kurushia mpira, inayopakwa mafuta), na jibu langu ni lile lile la mwaka jana: usinunue. Huo ulionao hujautumia bado.

Nyinyi wote mnacheza ligi hapa Dallas kwa hiyo sitaki kuanza na leni ni nini. Shikeni tu hili, kutoka laini ya faulo, ile usiyoivuka ukirusha, hadi pini ya mbele kati ya zile za kuangusha ni futi 60, na mafuta ya ligi mara nyingi yanaishia futi ya 40 hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Maana yake mpira una kama futi 20 za pakavu kufanya kazi yote. Kwenye mafuta unateleza, ukikuta pakavu unashika, unakata kona, yaani unapinda kuelekea pini, ndo unabiringika. Sasa mafuta yakizidi au yakiwa marefu unafika kwenye pini bado unateleza, unaipita pini ya mbele kwa kulia, na we umesimama pale unaangalia mkono wako kana kwamba mkono ndo umekosea.

Mkono hauna kosa! Angalia ngozi ya mpira. Mpira unaong'aa mpaka unajiona sura kwenye mafuta mengi ni tairi kipara kwenye tope, ukanyage mafuta utakavyo, hauendi popote. Ngozi ikikwaruzwa inakuwa na vinundu vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni, hivyo ndo vinatoboa ule utando wa mafuta na kugusa leni yenyewe. Hapo ndo kona inapopatikana.

Kuna jamaa kwenye ligi yetu, simtaji maana yupo humu humu (wanacheka, mnamjua), msimu mmoja kanunua mipira mitatu. Wa kwanza haukati, kanunua wa pili wenye koa (kiini cha ndani ya mpira) kali zaidi, wiki mbili unakata vizuri, halafu ukalala. Kanunua wa tatu, hadithi ile ile. Nikamwambia lete yote mitatu. Bwana wee! Mafuta yamegandamana pale mpira unapobiringikia, miduara kabisa, hajawahi kupitisha hata kitambaa. Na hii mipira ya rizini, hii iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, inafyonza mafuta, sio kama ile ya plastiki ya zamani. Kwa hiyo ule wa pili haukufa, ulishiba. Tukaisafisha, wa kwanza tukaupiga msasa wa 1000, akaenda nao leni ile ile, na usiku huo akawa anauliza atamuuzia nani hiyo mingine. Hela ngapi zimepotea hapo? Mpira mmoja mpya wa namna hiyo mara nyingi ni zaidi ya dola 150, pedi ya msasa ni dola chache tu.

Sasa pedi zenyewe, Abralon au za chapa nyingine, zina namba: 500, 1000, 2000, 4000. Namba ikishuka msasa unakuwa mkali. Safisha mpira kwanza, maana ukisugua juu ya uchafu unaupaka upya, kisha lowesha pedi, sugua upande mmoja, geuza, sugua upande mwingine kwa muda ule ule, mpaka mpira wote umezunguka. Usisugue pale miduara ilipo tu, mama yangu nakuona unatikisa kichwa, uliwahi kufanya hivyo eti? Anza na 2000. Ukiona bado unateleza shuka 1000. Usirukie 500 kwa hasira, maana mpira utashika mapema mno, nguvu itaishia njiani na ukifika kwenye pini unagonga kama umechoka, pini za kona zinabaki zinakutazama.

Najua mtu anasema moyoni, kocha si utaharibu mpira? Hauharibiki. Leni yenyewe inaulainisha kila unapourusha, ukisugua leo baada ya michezo kadhaa umeanza kurudi laini, ndo maana hii kazi haina mwisho. Mwingine atasema basi nitasugua katikati ya mchezo nikiona mambo mabaya. Hapana! USBC, chama kinachosimamia bowling Marekani, ambao ofisi zao ziko hapo Arlington, wanakataa, michezo ikishaanza kuhesabiwa msasa unabaki kwenye begi. Kitambaa futa kila ukirusha, hicho ruksa.

Dakika zimekwisha, hawa jamaa wanataka kuwasha leni, nipite haraka. Kasi: punguza, mpira ukienda taratibu unapata muda wa kushika, ila usifunge breki kwa mkono, anza tu na mpira chini kidogo ya pale unapouanzia kila siku. Mkono uwe nyuma ya mpira, dole gumba litoke kwanza, vidole viinue. Mstari: anayetumia kulia asogee kulia karibu na pakavu, arushe moja kwa moja zaidi, sio kuuvusha mpira mto mzima wa mafuta halafu unategemea urudi. Wa kushoto geuzeni. Na mkishacheza kidogo mafuta yatahama, nanyi hameni.

Koa na uchimbaji wa mashimo nilitaka kusema lakini tuache, hayo kila mtu na fundi wake. Aliyekuja na mpira aulete hapa mezani, pedi nimeleta, na tafadhali asije mtu na mpira wa kukodi wa ukumbi, ule sio wako.