Kiinua mgongo si fidia

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nimeombwa niongee juu ya haki za aliyeachishwa kazi. Haki ni nyingi, ila leo nang'ang'ania moja tu.

Kiwandani kwetu, mwenzangu wa kitengo cha rangi aliitwa ofisini saa nne asubuhi. Akatoka na bahasha ya kaki: barua ya mistari minne, na hundi. Alikuwa na miaka 13 kazini. Akaniambia, "Wamenipa kiinua mgongo, yamekwisha." Akaenda nyumbani kuugulia.

Hayakuwa yamekwisha. Tupige hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kiinua mgongo kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, lakini mwajiri halazimiki kuvuka miaka 10. Sasa mtu analipwa shilingi 520,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku sita kwa wiki. Hiyo ni kama siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo siku yake ni 20,000. Siku saba, 140,000. Zidisha kwa kumi: 1,400,000. Ile miaka mitatu ya juu, hewa! Miaka 13 ya kuvuta harufu ya rangi, mgongo umeinuliwa kwa mishahara isiyofika mitatu. (Naona mnacheka. Mimi siku ile sikucheka.)

Fidia ni kitu kingine kabisa. Hiyo inadaiwa kwa sababu mwajiri kakosea. Ukiachishwa bila sababu halali, haipungui ujira wa miezi 12. Kwa mshahara uleule ni 6,240,000. Na kuthibitisha kwamba sababu ilikuwepo ni kazi ya mwajiri, si yako. Kuchukua kiinua mgongo hakukufungii mlango wa fidia. Sheria yenyewe imetamka hivyo. Notisi, likizo ambayo hukwenda, nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa, vyote vinasimama pembeni, kila kimoja na hesabu yake.

Ila aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, kiinua mgongo hana. Cheti cha utumishi apewe hata huyo.

Mwenzangu alipokuja kuniuliza, miezi miwili ilikuwa imepita. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa fomu namba 1, na mwajiri naye apewe nakala yake. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utabanwa ueleze kilichokuchelewesha, na "sikujua sheria" si jibu la kumridhisha mtu pale.

Wengine humaliza siku zote hizo wakimpigia simu bosi: njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi. Bosi hakatai, anakusogeza tu, na kalenda inatembea.

Haya, mwenye barua hapa ukumbini aitoe. Tuanze na tarehe.