Ulimi Hautoshi: Barista Kwenye Sheria ya Kimataifa na Usuluhishi

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mmeona zile picha za mawakili wa Uingereza wakiwa Peace Palace, lile jengo la mahakama ya dunia pale The Hague, Uholanzi, wamevaa mawigi na majoho, na mnataka kujua mtu anafikaje pale. Nitawaambia, ila kwanza niwavunje moyo kidogo, kile mnachokiona kwenye picha ndo kipande kidogo kuliko vyote vya hii kazi, na kesi nyingi zinakuwa zimeshapata ushindi au zimeshakufa kabla hata mtu hajasimama kuongea.

Njia yenyewe nitaipitia haraka. Uingereza mawakili wamegawanyika, solisita ndo anakaa na mteja na kuendesha faili, barista anaitwa kuandika hoja na kusimama mbele ya jaji. Unajiunga na moja ya Inn nne za London, vile vyama vya kale vya mabarista, yani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple, unasoma kozi ya ubarista, afu unatafuta chemba, yani ofisi ya pamoja ya mabarista, ikuchukue uanagenzi wa miezi 12. Sita ya kwanza unamfuata mkubwa wako tu, unasoma anachosoma yeye, sita ya pili unaruhusiwa kushika vikesi vyako. Hapo kwenye kutafuta chemba ndo wengi wanaishia, nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi mno. Ukipita na wakakubakiza usidhani umeajiriwa, mle ndani kila mtu anajitegemea, mnachangia pango na mishahara ya makarani, na makarani ndo wanakutafutia kazi na kubishana bei kwa niaba yako. Hakuna mshahara. Ukikaa miaka, ukajulikana, unaweza kupewa KC, King's Counsel, cheo cha mabarista waliobobea.

Sasa hili la kujitegemea limeleta vituko kwenye usuluhishi, yani pale pande mbili zinapochagua jopo la watu wa kuamua mgogoro wao nje ya mahakama. Kwa Waingereza mabarista wawili wa chemba moja wanaweza kupambana kwenye kesi moja na hakuna anayeshtuka, hata msuluhishi anaweza kutoka chemba hiyohiyo. Ila mwambie mtu wa nje! Mwaka 2008 kuna kesi ya shirika la umeme la Kroatia dhidi ya Slovenia, iko ICSID, kile kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji kilichopo Washington. Slovenia ikamleta barista dakika za mwisho, kumbe anatoka chemba moja na rais wa jopo la wasuluhishi. Wakroatia wakapinga, na jopo likaamua barista asiendelee kushiriki, japo hakuna aliyethibitisha upendeleo wowote. Mi naona waliamua sawasawa. Mteja ambaye hajawahi kuishi London utamwelezaje kwamba hawa watu wanatumia jengo moja na makarani walewale lakini wasiwe na wasiwasi?

Turudi kwenye kazi yenyewe. Swali la kwanza unaloulizwa na serikali au kampuni siyo nani ana haki, swali ni tunaingilia mlango gani. Kwenye sheria ya kimataifa hakuna mahakama inayoweza kuiburuza nchi bila nchi hiyo kuwa imekubali mahali fulani, iwe kwenye mkataba, tamko au kipengele cha usuluhishi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, ina majaji 15 na kwenye kesi za kushtakiana inapokea nchi peke yake. Mwekezaji yeye ataenda ICSID au usuluhishi mwingine, mradi kuna mkataba unaomruhusu.

Angalieni Mauritius na visiwa vya Chagos, ambavyo Uingereza ilikuwa inavishikilia na Mauritius inasema ni vyake. Mauritius isingeweza kuishtaki Uingereza moja kwa moja ICJ, maana Uingereza ilipokubali mamlaka ya ile mahakama ilitoa nje migogoro yake na nchi za Jumuiya ya Madola. Mlango umefungwa. Basi wakazunguka. Kwanza wakatumia usuluhishi chini ya mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, wakapata tuzo, yani uamuzi wa wasuluhishi, mwaka 2015 kuhusu lile eneo la hifadhi ya bahari ambalo Uingereza ilikuwa imelitangaza. Afu mwaka 2017 wakaenda Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi 94 zikapiga kura ICJ iombwe ushauri, 15 zikakataa, na Februari 2019 majaji 13 dhidi ya mmoja wakasema Uingereza iondoke Chagos haraka iwezekanavyo. Ushauri tu, haumfungi mtu kisheria, ila nani tena baada ya hapo aliweza kujifanya suala halipo? Huo ndo ubarista ninaouongelea, na wala haukuanza na hotuba, ulianza na watu wamekaa chini wanasoma kifungu kwa kifungu wakitafuta pa kupitia.

Kenya na Somalia ni hivohivo. Kenya ilisema kesi ya mpaka wa bahari ambayo Somalia iliipeleka ICJ isisikilizwe kwa sababu ya hati ya makubaliano ya mwaka 2009, hati fupi tu, na mabishano makubwa yakawa juu ya aya yake ya sita inasema nini hasa. Februari 2017 mahakama ikaikataa hoja ya Kenya. Ilipofika Machi 2021 Kenya ikasusia vikao vya mdomo kabisa, lakini majaji waliendelea, na maandishi ambayo Kenya ilikuwa imeshawasilisha wakayazingatia, hukumu ikatoka Oktoba 2021. Kwa hiyo ile kazi ya maandishi ilibaki mezani hata wenyewe walipokuwa hawapo ukumbini.

Na ukumbini kwenyewe, kwa waliozoea mahakama za London, panashangaza. Ukiwa Court of Appeal, mahakama ya rufaa ya kule, unaanza sentensi jaji anakukata, unajibu, mwingine anakurukia, hotuba uliyoandaa inaishia mfukoni. ICJ unasoma. Hotuba imeandikwa neno kwa neno, wakalimani wameshapewa nakala, unaisoma polepole ili Kifaransa kikufuate, na majaji mara nyingi wamenyamaza, swali likija linakuja mwisho wa kikao na unapewa muda wa kujibu. Kuna mabarista wakali sana wa mahakamani ambao pale wanapwaya, kwa sababu kipaji chao ni kujibizana na pale hakuna wa kujibizana naye.

Kwenye usuluhishi ni tofauti, kuna mashahidi, kuna kuwahoji, ndo pale barista anapata raha yake. Lakini hata huko nyaraka zinaua. Kuna kesi ya World Duty Free dhidi ya Kenya, tuzo ya Oktoba 2006. Kampuni ilikuwa inalalamika imenyang'anywa biashara ya maduka ya uwanja wa ndege, na kwenye maelezo ya maandishi ya shahidi wao wenyewe, tena bosi, ikaandikwa kwamba alitoa dola milioni 2 kwa Rais Moi ili apate ule mkataba. Wenyewe waliita mchango. Mawakili wa Kenya hawakuhitaji kuzunguka, wakasema hii ni rushwa, jopo likakubali kwamba mkataba uliopatikana kwa rushwa hauwezi kulindwa, kesi ikaisha hapo. Fikirieni, karatasi waliyoileta wenyewe! Kilichonikera mimi kwenye ile tuzo ni kwamba aliyepokea alikuwa mkuu wa nchi na nchi ndo ikapona, jopo lenyewe liliiona hiyo shida likaisema, ila sheria ikabaki ilivyo.

Tanzania nayo, mnaikumbuka Biwater, ile kampuni ya maji ya Dar es Salaam? Mwaka 2005 mkataba ukavunjwa na mameneja wakaondolewa nchini. Jopo la ICSID likasema mwaka 2008 kwamba ndio, Tanzania ilivunja mkataba wa uwekezaji na Uingereza, ila fidia sifuri, maana biashara ilikuwa imeshakufa kabla serikali haijaigusa. Ukiwa barista kijana unafikiri ukithibitisha kosa umemaliza, kumbe bado hujaanza, unatakiwa uthibitishe kosa ndo lililoleta hasara, na hapo utakaa na wataalamu wa mahesabu wiki nzima.

Halafu kampuni ya P&ID na Nigeria. Tuzo ya 2017 ilikuwa dola bilioni 6.6, riba ikaifikisha zaidi ya bilioni 11, kwa mradi wa gesi ambao haukujengwa. Nigeria ikapambana kwenye mahakama ya London, ikaenda mpaka mahakama za Marekani kuomba rekodi za benki, na Oktoba 2023 jaji akakuta kulikuwa na rushwa, ushahidi wa uongo, na kwamba kampuni ilikuwa imeshikilia nyaraka za siri za mawakili wa Nigeria. Tuzo ikapigwa chini. Wasuluhishi watatu wenye majina hawakuyaona hayo, kwa sababu hakuna aliyewaletea, na jaji aliuliza waziwazi kama usuluhishi kwa namna hii unafaa kwa kesi zenye pesa za umma kiasi hicho. Mi nasema swali hilo halijajibiwa bado.

Kuna aliyeuliza kwenye karatasi hapa kama lazima uwe barista wa Uingereza ili usimame ICJ. Hapana kabisa. ICJ haina orodha ya mawakili waliosajiliwa, nchi inamchagua inayemtaka, hata profesa asiye na leseni popote. Wanaojirudia wanajirudia kwa sababu serikali zinaogopa kujaribu sura mpya kwenye kesi ya mpaka, na mimi hiyo naiona ni woga tu. Mlio wadogo angalieni ule mpango wa ICJ wa kuchukua vijana kufanya kazi na jaji kwa miezi kadhaa, chuo chako ndo kinakupendekeza, na tangu Baraza Kuu lipitishe azimio mwaka 2020 kuna mfuko wa kuwalipia wanaotoka vyuo vya nchi zinazoendelea. Na Kifaransa someni, mafaili mengi pale ni ya Kifaransa.