Umekutana na ua usilolijua? Anza na shina

Karibuni tena wadau. Leo niko njia ya Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Hapa pembeni mwa shamba kuna mmea umenizidi kimo, maua yake ya rangi ya chungwa yamejikusanya kwenye mipira yenye miiba. Tuutambue pamoja.

Najua mkono umeshaingia mfukoni kutafuta simu. Subiri kwanza. Wengi hupiga picha ya ua tu, halafu wanailaumu programu ya kutambua mimea ikiwadanganya.

Vunja ncha ya jani. Ukiona utomvu mweupe, mikono isiguse macho; ule wa mnyaa habari zake mnazijua. Na usionje kitu. Huu wetu hauna utomvu mweupe, tuendelee.

Pitisha vidole kuzunguka shina. Sio la duara, lina pembe nne. Sasa majani: yameota mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekaa msalaba na jozi ya chini yake. Ua lenyewe ni mrija wenye midomo miwili, wa juu mrefu na una manyoya, wa chini mfupi na hunyauka mapema. Ukikuta hayo yote kwa pamoja, kisia familia ya mnanaa na kivumbasi. Nasema yote, kwa sababu lantana nayo ina shina la pembe nne na majani yanayotazamana, ila viua vyake ni vidogo na shina mara nyingi lina vimiiba.

Mipira ya maua iliyopangana kwa ngazi shinani inatupeleka kwenye jenasi ya Leonotis. Jani hili ni pana, kikonyo chake kirefu, na mmea ni wa msimu mmoja: nasimama na Leonotis nepetifolia. Ndugu yake, Leonotis ocymifolia, ni kichaka cha kudumu. Ndege aina ya chozi wanaipenda mno nekta ya maua haya.

Sasa toa simu. Piga mmea mzima, shina, jani juu na chini, kisha ua kwa ubavuni, ukiweka sarafu kando ili ukubwa uonekane. Pandisha picha hizo iNaturalist, jukwaa la mtandaoni ambako watu husaidiana kutambua viumbe, pamoja na mahali ulipo, usubiri watu wathibitishe.

Ukitaka kukausha tawi, libane katikati ya magazeti. Ndani ya hifadhi usichume, picha zinatosha. Andika tarehe, mahali na rangi ya ua siku hiyohiyo, maana rangi hupotea likikauka. Hapa hapa Ngaramtoni ndipo ilipo hebaria ya taifa, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa namna hiyo.