Nani Anaisoma lsass?

Time: Assalaam alaykum wasikilizaji. Tupo Mji Mkongwe, na leo kaka Hamad kaja na jina moja tu: lsass.

Hamad: Waalaykum salaam dada Time. Ndiyo, lsass.exe. Kila kompyuta ya Windows inayo. Ndiyo inayokukagua unapoingia, na ukishaingia inabaki na siri zako kwenye memori, ili usiulizwe nywila kila unapofungua faili lililoko kwenye seva. Mwizi akishaishika kompyuta, hapo ndipo anapokimbilia.

Time: Tuchukue hoteli yoyote ya Paje. Printa ya mapokezi imegoma. Fundi kaingia kwa akaunti yake ya msimamizi, katengeneza, kaondoka.

Hamad: Tena kaondoka bila ya kutoka kwenye akaunti. Siri zake zimo mle. Jioni mtu wa mapokezi kafungua kiambatisho cha barua pepe, kimeandikwa ankara ya mgeni, na mwizi kaingia. Ili aisome lsass anahitaji haki za msimamizi kwenye mashine ile, na hoteli nyingi zinampa mtu wa mapokezi haki hizo ili asisumbue. Basi kazi imeshakwisha. Anachokitaka ni ile akaunti ya fundi, maana ndiyo inayofungua seva ya mahesabu.

Time: Lakini nywila si imefichwa?

Hamad: Heshi yake, yaani alama inayokokotolewa kutokana na nywila, inamtosha. Anaipeleka mashine nyengine, inakubaliwa, na nywila yenyewe hajaijua. Kabla ya Windows 8.1 ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya WDigest, njia ya zamani ya Windows ya kumthibitisha mtumiaji, nywila ilitoka herufi kwa herufi. Mfaransa Benjamin Delpy alilidhihirisha hilo mwaka 2011 kwa programu yake ya Mimikatz. Na NotPetya, programu haribifu ya 2017, iliiba siri za kwenye memori vivyo hivyo, ndiyo ikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Time: Antivirusi zinaijua Mimikatz siku nyingi.

Hamad: Zinaijua kwa sura, na sura inabadilishwa. Wengine hawaileti kabisa, wanatumia ProcDump ya Microsoft wenyewe, chombo cha kunakili memori ya programu, au wanaiamuru rundll32 iite comsvcs.dll, zote mbili zimo ndani ya Windows. Memori ya lsass inaandikwa kwenye faili, wanakwenda kuisoma kwao. Ndiyo maana mie nashikilia: usikae kuwinda jina la programu. Angalia kitendo. Nani kaomba kuisoma lsass?

Time: Na unakionaje?

Hamad: Kwa Sysmon, programu inayoandika matukio ya kompyuta. Ya bure, ya Microsoft, ipo tangu 2014. Lakini lazima uiandikie mpangilio, ukiiweka hivi hivi haikuandikii haya. Unataka tukio namba 10, prosesi moja, yaani programu inayoendeshwa, kuifungua nyengine. Kwa mfano utaona: SourceImage, ile inayofungua, C:\Users\Public\printa.exe. TargetImage, ile inayofunguliwa, lsass.exe. GrantedAccess, 0x1010.

Time: Hiyo 0x1010 ndiyo nini?

Hamad: Ndiyo ruhusa iliyoombwa. Ile 0x10 ni kusoma memori. Programu ya printa isome memori ya lsass kwa lipi? Tena tazama CallTrace, inayoonesha ombi limepitia kodi ipi, ukikuta UNKNOWN, ujue amri imetoka kwenye kodi isiyo na faili kwenye diski. Hapo mie silali.

Time: Lakini yakhe, kengele za uongo?

Hamad: Zipo. Antivirusi yenyewe huifungua lsass. Ziandike kwenye orodha ya zinazoruhusiwa zile unazozijua, kwa njia kamili ya faili, maana jina tupu mwizi naye analiiga. Na logi, yaani kumbukumbu za matukio hayo, zisibaki kwenye mashine ile, mwenye haki za msimamizi anazifuta. Hata tawi la Chake Chake lenye intaneti ya kusuasua linaweza kuzituma Unguja, ukichuja vizuri ni maandishi machache tu.

Time: Kinga je?

Hamad: Washa ulinzi wa LSA, unaozizuia programu nyengine kuisoma lsass, na Credential Guard, inayozitenga siri hizo pembeni, kwa mashine zinazoiweza. Ufuatiliaji uendelee vile vile, wapo wanaozipita.

Time: Kengele imelia usiku, mtu afanye nini?

Hamad: Aitoe mashine kwenye mtandao, asiizime, ushahidi umo kwenye memori. Kisha abadilishe nywila za wote walioingia pale, aanze na wenye akaunti za msimamizi, na afanyie kazi hiyo kwenye kompyuta nyengine.